Milimita Moja ya Ziada

Msimamizi wa kiwanda cha maziwa hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, mkono mmoja kiunoni, akayasema yake kwa sauti ya mtu anayetaka majirani nao wafaidi.

"Mwezi huu mara tisa. Mara tisa, bwana! Wenzako wote wako getini kabla ya king'ora cha saa mbili, wewe ndio kwanza unateremka kama bibi harusi. Sasa sikia. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukichelewa Ijumaa, madumu yako nampa mwingine, na usije hapa na machozi."

"Nimekusikia, mkuu," mwenye nyumba alijibu. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, kifua kipana, amesimama mbele ya mama yake huku anakwaruza kucha ya dole gumba kwa nyingine.

Mkewe alikuwa uani, amechuchumaa juu ya bamba la chuma, mkasi wa bati mkononi. Watu walimwita Fundi, maana alikuwa akitengeneza majiko ya mkaa, na yalikuwa majiko kweli. Ukilinunua leo, mjukuu wako atalirithi. Alisikia kila neno. Msimamizi alipopita uani kwenda zake, alimwamkia vizuri kwa sababu ndivyo alivyolelewa, lakini aliukaza mkasi mkononi hadi vidole vikauma.

Ndani, mama mkwe hakungoja vumbi la mgeni litue.

"Haya, mwanangu. Tuambie. Unasimama nini pale kona ya tatu?"

"Nanyoosha mgongo, mama."

"Mgongo gani huo unaonyooka palepale penye banda la chai? Mlima mzima una kona saba. Mgongo umeichagua hiyo moja?"

Mwanamume alicheka kidogo, kicheko cha kulipia, akatoka kwenda kufuta pikipiki yake. Pale kijiweni wenzake walishampa jina: Polepole. Walikuwa wakimwita hivyo usoni pake, na watoto wao nao wakajifunza. Alikuwa akiteremsha maziwa kutoka kituo cha juu mlimani hadi kiwandani bondeni, madumu mawili ya chuma yaliyojaa, moja kila upande wa keria ya nyuma ya kiti, na wenzake walishuka mlima ule dakika ishirini na tano. Yeye alitumia arobaini.

"Mkwe wangu," bibi alisema, amesogea uani na kigoda chake, "mimi ni mama yake, nimemzaa, sitamsingizia. Lakini lisemwalo lipo. Wanasema pale kwenye chai kuna mwanamke."

"Wanaosema ni wengi, mama."

"Na kipepeo changu cha jiko kimekwenda wapi? Miezi minane sasa napepea moto kwa kifuniko cha sufuria! Ukasema nimekipoteza mimi. Sikukipoteza! Kuna mtu anahamisha vitu vya nyumba hii kidogo kidogo."

Fundi alitaka kucheka, kisha akaona hawezi. Ni kweli waligombana juu ya kile kipepeo, wakanuniana siku mbili, watu wazima. Na ni kweli kilipotea wakati uleule mumewe alipoanza kuchelewa. Kipepeo cha kusukwa, chenye mpini wa mti uliotoka mng'aro kwa kushikwa. Nani anamhonga hawara kipepeo?

Lakini moyo ukishapandwa mbegu hauulizi ni mbegu ya nini. Siku ya pili asubuhi, Jumatano, mumewe alipokwisha kuondoka kwenda juu na madumu matupu, Fundi alijifunga kanga vizuri, akasimamisha lori la mchanga, akamwambia dereva amshushe kona ya tatu.

*

Banda la chai lilikuwa mabati manne na benchi moja. Mwenye banda alikuwa mwanamke, hilo kweli. Alikuwa ajuza aliyebakiwa na meno matatu, mkubwa kuliko mama mkwe, na alimtazama Fundi kutoka kichwani hadi kwenye viatu kama anayepima kitambaa.

"Karibu chai. Au umekuja kumfumania mtu?"

Fundi alishusha macho, akajifunga kanga upya.

"Usione haya, mwanangu. Ulivyoshuka kwenye lori nilikujua. Wewe ni mke wa Polepole." Ajuza alimimina chai bila kuulizwa. "Yule si wangu, ningekuwa na bahati hiyo! Yule ana mke mwingine. Kaa hapo nyuma ya bati utamwona, hakosi kufika hivi punde."

Fundi alibeba kikombe chake, akajibanza nyuma ya bati.

Kwanza ilikuja harufu. Harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakikuumbwa kuungua, kali, ya kukuna pua. Kisha pikipiki ikatokea konani, gia ya chini, injini inalia kwa kuzuiwa, na mumewe juu yake miguu yote miwili imetangulizwa nje tayari kuburuta chini. Hakuwa ananyoosha mgongo wowote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kuvuka mto wenye mamba.

Alisimamisha pikipiki mahali palipokuwa bapa, akasukumia jiwe chini ya gurudumu la nyuma. Akafungua zipu ya jaketi. Akatoa kipepeo.

Kipepeo chao. Mpini uleule.

Akapiga magoti mbele ya gurudumu la mbele, akaanza kuipepea diski ya breki, kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, sawasawa, kama apepeavyo mama mkwe jiko la asubuhi. Na alikuwa anaongea nayo.

"Poa, mama. Poa taratibu. Hatuna haraka. Poa."

Ajuza alinong'ona, "Si nilikwambia? Kila siku ya Mungu. Mwanzoni nilidhani ni mgonjwa wa akili, nikawa nampa chai bure."

Fundi hakumsikia. Alikuwa ameitazama ile diski, akaitambua kama mtu anavyomtambua mwanawe katikati ya watoto mia. Aliitengeneza yeye.

*

Hiyo ilikuwa miezi minane nyuma. Diski ya asili, ile iliyokuja na pikipiki, ilikwisha, ikapata nyufa kutoka tundu hadi tundu, na mpya bei yake ilikuwa ya kukaa chini kwanza. Fundi aliitazama ile mbovu. Duara la chuma, kumbe! Yeye si ndiye anayekata maduara ya chuma tangu usichana? Tena duara lenyewe limetobolewa matundu kila mahali, nusu ya chuma imeibwa, halafu watu wanalipia. "Mimi sinunui matundu," alisema siku ile, na nyumba nzima ikacheka.

Akachagua bamba zito kuliko yote aliyokuwa nayo. Akalipima juu ya lile bovu, akakata, akatoboa matundu ya bolti tu, akalisugua siku tatu kwa msasa hadi likawa unaweza kujitazama usoni. Akalipeleka kwa mkerezaji, yule mzee mwenye mashine ya kukereza vyuma, alisawazishe pande zote mbili. Na alimwambia, anakumbuka vizuri: "Usilipunguze sana. Liache linenepe kidogo, likae."

Mumewe alilifunga huku kijiwe chote kimemzunguka. Nani mwingine ana diski aliyotengenezewa na mkewe? Alitembea nalo wiki nzima kama aliyevishwa nishani.

Wiki iliyofuata ndipo alipotokea yule mbuzi. Alimruka mbele, mume alisimulia, akamkwepa, akaingia kwenye kingo za udongo, maziwa yakamwagika yote na kiwanda kikamkata mshahara. Mama mkwe alimlaani mbuzi yule kwa majina ambayo hayaandikiki.

*

Fundi alitoka nyuma ya bati. Mumewe aliinua macho, kipepeo kikabaki hewani.

"Mama Fundi," alisema, jina analomwita akiwa na hatia. "Umefikaje huku?"

Fundi alipiga magoti upande wa pili wa gurudumu. Akaupeleka mgongo wa kiganja karibu na diski, kama anavyojaribu jiko kabla ya kuliuza. Hakufika. Ikabaki shibiri nzima, na joto likamsukuma mkono nyuma. Alijaribu tena, kwa ukaidi tu. Likamsukuma tena.

Akatazama rangi. Hapo ndipo mwili ulipomsisimka, kwa sababu rangi za chuma ndiyo kusoma na kuandika kwake. Kuanzia katikati kwenda pale pedi zinapobana, diski yake ilikuwa manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Alizijua zote kwa mpangilio wake. Bati likifika buluu katika moto wake, yeye hulitoa haraka kwa koleo. Na ili lifike buluu anahitaji mkaa mwekundu na kupepea hadi bega liume.

"Hapa hakuna mkaa," alisema polepole. "Huu moto umetoka wapi?"

Mumewe aliinua kidevu kuelekea juu. "Umetoka mlimani."

"Nini?"

"Nimejiuliza miezi minane, mke wangu, sikusoma mimi, lakini nimejiuliza. Juu pale niko mimi, na pikipiki, na madumu mawili yamejaa. Vyote vinataka kwenda chini, tena vinataka kwa nguvu. Nikifika bondeni nimesimama kimya. Sasa ule mwendo wote umekwenda wapi? Haukumwagika njiani. Hakuna aliyeuokota." Alionyesha diski kwa ncha ya kipepeo. "Umo humo. Mlima mzima unaingia humo, kila asubuhi."

Fundi alitazama juu, njia ilikoanzia, ukingo wa kijani ulioshika mawingu. Akatazama lile duara la shibiri moja na ushei. Aliyekuwa akiuza moto tangu ana miaka kumi na saba hakuwahi kufikiri kwamba mwendo ni moto unaosubiri kubanwa. Alihofu, na alistaajabu kiasi kwamba akasahau kuhofu. Mlima! Ndani ya kitu alichokikata yeye kwa mkasi na grenda, amekaa kwenye kigoda, anaimba.

Kisha akili ikarudi.

"Ikishafika buluu hivi, breki inashika?"

"Hadi kona ya pili inashika vizuri. Baada ya hapo nabana, nabana mkono wote, na pikipiki hainisikii. Inateleza tu kama sabuni. Nikipumzisha hapa dakika kumi na tano, nafika chini."

"Na maji? Hukumwagia maji?"

"Mara moja. Ililia, ta! Nikaogopa itapasuka. Nikaona bora upepo."

"Tangu lini?"

Mumewe alianza kukwaruza kucha.

"Yule mbuzi," Fundi alisema.

"Hakukuwa na mbuzi."

Ajuza alijitia kuosha vikombe. Chini bondeni kiwanda kilionekana, kibati kidogo chenye geti, na king'ora cha saa mbili kikalia, kikapanda mlima kwao kwa sauti nyembamba. Alikuwa amechelewa tayari, mara ya kumi.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilimkatika Fundi katikati. "Umeitwa Polepole na watoto wadogo. Mama yako anadhani una hawara. Ungekufa! Ungekufa, halafu mimi ningemlaani mbuzi!"

"Ningekuambiaje? Ulisugua siku tatu. Mikono ilikutoka damu." Alisimama, akarudisha kipepeo ndani ya jaketi kwa uangalifu. "Nilifikiri nitaizoea. Kila mtu ana mlima wake."

"Pumbavu," Fundi alisema, na machozi yakamtoka. "Nenda. Shuka polepole. Polepole kabisa, nimesema."

Yeye hakungoja lori. Aliuteremka mlima kwa miguu, kona nne zilizobaki, na kwa mara ya kwanza maishani alisikiliza magoti yake yanavyomzuia asikimbie. Kila hatua ilikuwa breki. Alipofika chini mapaja yalikuwa yanatetemeka na yamepata moto, kweli moto, alipoyashika kwa viganja.

*

Mkerezaji alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, akaishika diski mbovu ya zamani ambayo Fundi aliitoa uvunguni mwa kitanda. Mchana ule mume alikuwa amefungua gurudumu, na ile nyingine, diski ya buluu, ilikuwa mezani imelala juu ya gunia. Mzee akapima ya kwanza ukingoni ambako pedi hazikufika kuila. Akapima ya pili.

"Nne," alisema. "Na yako tano."

"Milimita moja tu?"

"Milimita moja tu, Fundi. Pedi mbili zinakaa huku na huku, na kati yake na diski pana nafasi ndogo ya kupumua. Ya kuingiza karatasi. Wewe umeijaza. Pedi zinasugua hata asipobana, tangu juu hadi chini hazijapumzika." Alivua miwani. "Nilikuambia itabana kidogo."

"Ulisema itazoea."

"Nilisema." Mzee alikohoa. "Na ulikuwa umefurahi sana siku ile, mwanangu. Nikaona nikuharibie ya nini. Hapo nami nina dhambi yangu."

Fundi aliigeuza diski ya buluu juu ya gunia. Alitaka kumkasirikia, akakuta hasira yote ameshaipeleka kwingine. "Basi ipunguze hiyo moja. Na mimi nitoboe matundu kama ya ile."

"Hapana."

"Natoboa matundu kila siku! Jiko bila matundu halipumui, nani hajui? Mimi ndiye niliyesahau, mimi wa matundu!"

"Hapana, Fundi. Hili si jiko. Shika."

Alimpa ile mbovu, akampa na msumari. Akamwambia aweke ncha kwenye tundu moja, kisha aizungushe diski, auache msumari uchore. Fundi akafanya. Msumari ukazunguka duara zima hadi ulipoanzia bila kuangukia tundu lingine. Akauhamisha tundu la pili, lililokaa juu kidogo. Ukachora njia yake. La tatu, njia yake. Matundu aliyodhani yametawanywa ovyo, kwa urembo, yalikuwa yamegawana diski nzima kama majirani waliogawana shamba bila ugomvi, hata pasiwe na mahali pedi inapita bila kusafishwa.

"Ukiyapanga mstari mmoja inakatika kama stempu," mzee alisema. "Ukiyazidisha, chuma cha kubebea joto hakitoshi. Ukiyakosa, joto na vumbi na ule moshi wa pedi havina pa kutokea. Na angalia hii mikono hapa kati, imepindwa kidogo, umeona? Chuma kikipata moto kinataka kutanuka. Hii imeachiwa pa kutanukia. Yako ni bamba zima, imetanuka ikakosa pa kwenda, ikajipinda. Hata chuma chenyewe kina mchanganyiko wake. Bamba la mlango ni bamba la mlango."

Fundi aliendelea kuzungusha. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa chini akalifikiria kila tundu. Akaufikiria mlima ambao hajawahi kuuona na madumu ambayo hatayabeba, akawaachia nafasi. Fundi mwenzake, hamjui jina wala uso. Alisikia haya, na juu ya haya akasikia heshima kubwa ambayo hakujua aielekeze wapi, basi akaifuta ile diski mbovu kwa kanga yake kabla ya kuirudisha mezani.

*

Alhamisi asubuhi mumewe alipumzika kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi. Jirani yake wa kijiweni alimteremshia madumu kwa siku hiyo moja, tena kwa masimango. Fundi alirudisha dukani mabamba mawili ambayo hajayakata. Mwenye duka aliyapokea kwa bei ya chuma chakavu, akijua kabisa si chakavu, na Fundi akakubali. Majiko ya mwezi ule yalikwenda na mabamba hayo.

Kwenye duka la vipuri aliweka diski yake kaunta ili muuzaji alinganishe bolti. Muuzaji aliigeuza huku na huku, kisha akaita wenzake kutoka nyuma.

"Njooni muone! Mtu kafunga sahani ya kulia wali!" Walicheka wakashika mbavu. "Mama, nani kakutengenezea hii? Mwambie aendelee na milango ya vyoo."

"Nimetengeneza mimi," Fundi alisema.

Kicheko kikapungua, kikaisha vibaya vibaya.

"Nipe yenye matundu," alisema. "Nanunua matundu yote."

Jioni mume alifunga diski mpya na pedi mpya, akaenda kuzizungusha uwanja wa tambarare, akibana kidogo na kuachia, kama mkerezaji alivyoagiza, maana vitu viwili vigeni lazima vifahamiane kwanza kabla hujavitwisha mlima. Aliporudi, Fundi alimfungulia zipu ya jaketi akatoa kipepeo.

"Hiki ni cha jikoni."

"Na kama..."

"Hiki ni cha jikoni, Baba."

Mama mkwe alikipokea, akakitazama pande zote mbili, akakitambua. Ikabidi aelezwe. Alisikiliza kisa chote mdomo wazi, la mlima, la buluu, la milimita, na walipofika mwisho alikuwa na swali moja.

"Kwa hiyo hakukuwa na mbuzi?"

"Hakukuwa, mama."

"Jamani! Miezi minane nimelaani mnyama wa watu bure!" Akajipiga paja. Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti ikashuka. "Na mimi nikakuita mzinzi. Nisamehe, mwanangu." Mwanawe alicheka, safari hii kweli. Bibi alikwisha kuiona ile diski ya buluu pembeni. Akaiokota, akaiweka juu ya jiko, akaweka birika juu yake. Ilikuwa nzito, haitikisiki, na chai ilikaa moto hadi wakati wa kulala. "Si mbaya," alisema. "Ilikuwa imeajiriwa kazi isiyo yake tu."

*

Ijumaa Fundi aliamka kabla ya wote, akachukua kipepeo mahali bibi alipokitundika, akakificha chini ya kanga. Hakumwambia mtu. Lori la mchanga lilimshusha kona ya tatu.

"Umerudi," ajuza wa chai alisema.

"Nimerudi, bibi. Kama atasimama."

Walikaa benchini wawili. Fundi alikuwa ananusa. Kila upepo uliposhuka kutoka juu aliinua pua kuitafuta ile harufu, akakuta majani mabichi tu na moshi wa kuni za ajuza. Bondeni geti la kiwanda lilikuwa wazi. Wenzake Polepole walipita wa kwanza, wa pili, wa tatu, madumu yakigonga. Wa nne hakuonekana. Fundi alisimama, akakaa, akasimama.

Kisha akasikia sauti asiyoijua. Filimbi nyembamba, ya juu, kama ya mtu anayepuliza chupa kwa mbali. Yalikuwa matundu, yanakata hewa.

Pikipiki ikatokea konani. Mumewe alikuwa amekaa wima, miguu yote miwili imetulia kwenye vikanyagio. Akabana, pua ya pikipiki ikainama kidogo kwa adabu, akaachia, akabana tena, akaizunguka kona. Alimwona. Alimwona mkewe amesimama kando ya njia na kipepeo mkononi, macho yakamtoka, na kwa nusu sekunde Fundi alijua kwamba anataka kusimama.

"Pita!" alipiga kelele, akipunga kipepeo kwa nguvu zake zote. "Pita, usisimame! Pita!"

Akapita. Filimbi ikateremka naye, kona ya nne, ya tano, ikapotea. Haikubaki harufu yoyote. Fundi alisogea ukingoni akaangalia bondeni, akasubiri, hadi kidoa chenye madumu mawili kilipotokea chini, kikapunguza mwendo penye geti bila kuyumba, kikaingia. Alihesabu pumzi zake. Alikuwa amefika ya kumi na tisa king'ora kilipolia.

"Leo hakusimama," ajuza alisema.

"Hakusimama, bibi." Na akalia kwa sauti, bila kujificha, akicheka hapohapo.

Alipogeuka kutafuta viatu vyake vilivyomvuka, aliona ardhi pale bapa alipokuwa akiegesha. Kwenye udongo mgumu, karibu na lile jiwe, palikuwa na vishimo viwili vidogo vya mviringo, laini, vimekaa pamoja. Hakuvielewa mara moja. Kisha akakumbuka alivyomkuta Jumatano.

Miezi minane, siku sita kila wiki. Mara mia mbili mwanamume yule alipiga magoti hapa mbele ya kitu alichotengenezewa na mkewe, kilichokuwa kikimuua, akakipepea, akakiambia kipoe polepole, akainuka akaenda kutukanwa.

Fundi aliweka kipepeo chini. Akapiga magoti, goti moja kwenye kishimo hiki na moja kwenye kile. Vilikuwa vipana kuliko magoti yake. Alikaa humo hadi chai yake ikapoa, na ajuza akaimwaga, akammiminia nyingine.